Kosa la Zamani na Leseni ya Uuguzi: Nani Ana Haki ya Kuambiwa Ukweli?

Katika familia nyingi za Afrika Mashariki leo hii kuna mtoto anayetajwa katika sala ya jioni kwa sababu yuko ng'ambo akisomea uuguzi. Yuko Texas au Minnesota, yuko Birmingham au Leeds. Mchana anahudhuria masomo, usiku anawaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba za kutunzia wazee, na mwisho wa mwezi anakumbuka ada ya wadogo zake. Ndugu zetu waliokimbia vita Kongo na kupokewa Marekani nao wameingia katika kazi hiyo hiyo. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao, kwa maana kumtunza mgonjwa ni kazi ambayo Kristo mwenyewe ameihesabu kuwa ametendewa yeye.

Hata hivyo, lipo swali linalowafikia mapadre na viongozi wa jumuiya, mara nyingi kwa sauti ya chini na mara nyingi kwa kuchelewa. Kijana amemaliza masomo, au amebakiza muhula mmoja, na mbele yake ipo fomu ya maombi ya leseni inayomwuliza kama amewahi kukamatwa, kushtakiwa au kutiwa hatiani. Naye, miaka minne iliyopita, alikamatwa akitoka dukani na bidhaa ambayo hakuilipia. Au alisimamishwa barabarani usiku akiwa amekunywa. Au aligombana na mwenzake wa chumba mpaka polisi wakaitwa. Alilipa faini, alimaliza muda wa kuwa chini ya uangalizi wa mahakama, alikwenda kuungama. Sasa anauliza kama analazimika kuandika habari hiyo.

Wenzake humpa majibu ya aina mbili. Wapo wanaomwambia anyamaze, kwa kuwa nchi ni kubwa na hakuna atakayejua. Wapo wanaomwambia aachane kabisa na uuguzi, kwa kuwa mtu mwenye rekodi polisi hapewi leseni. Mashauri yote mawili yana kasoro, na lolote kati yake laweza kumgharimu kijana kuliko kosa lenyewe. Tumeona vyema kueleza hapa jinsi sheria inavyouliza, na kisha jinsi Kanisa linavyofundisha kuhusu ukweli tunaodaiwa na siri tunayoruhusiwa kuitunza. Kwa maana mambo haya mawili yanapatana kuliko wengi wanavyodhani.

Kwa nini wanauliza

Muuguzi huachwa peke yake na mtu asiyeweza kujitetea. Ni saa nane usiku, mgonjwa amelala kwa nguvu ya dawa, pochi ya bibi ipo juu ya meza ndogo kando ya kitanda, na funguo za kabati lenye mofini zimo mfukoni mwa muuguzi. Hakuna anayemtazama. Kwa sababu hiyo nchi nyingi hazimruhusu mtu kuitwa muuguzi mpaka chombo cha umma kiridhike na elimu yake na mwenendo wake. Tanzania ina Baraza la Uuguzi na Ukunga, Kenya ina Baraza lake la Wauguzi, Uingereza ina Baraza la Uuguzi na Ukunga linalojulikana kwa herufi NMC. Marekani haina baraza moja la taifa zima. Kila jimbo, kwa maana ya serikali na si ya Kanisa, lina bodi yake na sheria zake.

Vyombo hivi haviulizi ili kumwadhibu mtu mara ya pili. Hupima uzito wa kosa, umri wa mtu alipolitenda, muda uliopita tangu hapo, uhusiano wa kosa hilo na kazi ya kuuguza, na namna alivyoishi baadaye. Kijana wa miaka 19 aliyepigana mara moja hawezi kuwekwa kapu moja na mtu aliyeiba fedha za mgonjwa aliyekabidhiwa kumtunza. Kumbukumbu ya kosa dogo, kwa kawaida, haimfungii mtu mlango. Inamtaka aeleze.

Mfano wa Texas

Tuchukue Texas, kwa kuwa wasemaji wengi wa Kiswahili wanaishi Houston, Dallas na Fort Worth, na kwa kuwa utaratibu wa huko unaonyesha vizuri mahali ambapo watu hujikwaa.

Bodi ya uuguzi ya Texas haiulizi tu kama mtu alifungwa. Inauliza kama amewahi kutiwa hatiani, kukiri kosa, kukataa kubishana na mashtaka, kuwekwa chini ya uangalizi wa mahakama, au kupewa hati ya kuitwa kujibu shitaka, na pia kama ana shauri lolote ambalo bado halijaamuliwa. Kinachoruhusiwa kuachwa ni makosa madogo ya barabarani ya daraja la chini kabisa, lile la herufi C. Hapa ndipo wengi hukosea. Kuendesha gari ukiwa umelewa ni jambo la barabarani kwa lugha yetu ya kawaida, lakini kwa sheria ya Texas kosa hilo, hata likiwa la kwanza, ni la daraja B, na laweza kuleta kifungo cha hadi siku 180. Lazima liandikwe. Kuiba kitu cha chini ya dola 100 ni kosa la daraja C, ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi dola 500. Lakini si kosa la barabarani, kwa hiyo nalo huandikwa.

Lipo jambo jingine linalowapotosha hata waaminifu. Mahakama za Texas huweza kupokea kukiri kwa mshtakiwa, kisha zikaahirisha kumtia hatiani na kumweka chini ya uangalizi kwa muda; akiutimiza vizuri, shauri hufutwa bila hukumu. Kijana hutoka mahakamani akifurahi kwamba hakuna hukumu, na wakili wake hakumdanganya. Lakini swali la bodi linataja uangalizi wa namna hiyo waziwazi, liwe limefuatwa na hukumu au la. Anayejibu "hapana" kwa kujiambia kwamba hakutiwa hatiani amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Pamoja na fomu, mwombaji huchukuliwa alama za vidole, nazo hupelekwa kwenye idara ya usalama ya jimbo na kwenye FBI. Vidole havibadiliki kwa kuhama mji, wala kwa kuolewa na kuchukua jina la mume. Majibu yakirudi na tukio ambalo halimo katika fomu, bodi ina mambo mawili mezani badala ya moja. La kwanza ni la zamani na lingeweza kuelezwa. La pili limetendwa mwaka huu, na mtu mzima, katika karatasi ile ile anayoomba kuaminiwa kwayo. Kwa maoni yetu si ajabu kwamba bodi hulitazama la pili kwa ukali zaidi.

Kumbukumbu zilizofutwa rasmi kwa amri ya mahakama hazina haja ya kutajwa huko Texas; lakini ni wajibu wa mwombaji kuhakikisha kwamba kweli zimefutwa. Wengi husadiki kwamba kosa limefutika kwa sababu miaka imepita au kwa sababu karani aliwaambia kwamba kila kitu kimekwisha. Amri ya kufuta ni karatasi yenye sahihi ya hakimu. Kama huna nakala yake, kaiombe mahakamani kabla ya kujaza fomu.

Habari njema, ambayo kwa kusikitisha haijulikani sana katika jumuiya zetu, ni kwamba Texas inamruhusu mtu kuiomba bodi itoe uamuzi kabla hajamaliza chuo, hata kabla hajakianza. Mwombaji hupeleka nakala za mahakama na barua ya maelezo, na bodi humwambia kama kosa lile litamzuia au la. Mzazi aliyeko Moshi au Kakamega anayeuza kiwanja ili kulipa ada ana haki ya kujua kwamba njia hiyo ipo. Ni afadhali kujua leo kuliko kujua siku ya mahafali.

Nchi na majimbo hayafanani

Ukweli hudaiwa kulingana na swali. California ilitunga sheria mwaka 2018, iliyoanza kutumika Julai 2020, ambayo kwa sehemu kubwa inazizuia bodi za taaluma kumtaka mwombaji aorodheshe makosa yake. Bodi hutegemea alama za vidole, na kwa makosa mengi haiwezi kumnyima mtu leseni kwa hukumu iliyotoka zaidi ya miaka 7 iliyopita. Kwa hiyo kijana wa Los Angeles anayefuata ushauri wa binamu yake wa Houston, au kinyume chake, anaweza kukosea bila nia mbaya. Aidha, majimbo mengi ya Marekani yameingia katika mapatano ya leseni moja inayotambulika katika majimbo yote wanachama. Masharti yake yanawanyima leseni hiyo waliotiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai, lakini kosa dogo linalohusiana na uuguzi hupimwa moja moja.

Uingereza nayo ina njia yake. Huko ipo sheria ya mwaka 1974 inayoruhusu makosa ya zamani kuhesabiwa kuwa yamekwisha, ila wauguzi, kwa kuwa wanawahudumia watu wanyonge, hawafaidiki nayo kikamilifu. Hata hivyo, baadhi ya maonyo ya polisi na hukumu ndogo zimewekewa kinga na hazidaiwi tena kutajwa. Kanuni hizo zililegezwa mwaka 2013 na tena Novemba 2020, hasa kwa kuwaondolea vijana mzigo wa maonyo waliyopewa wakiwa watoto. Muuguzi aliyekwisha kusajiliwa anatakiwa na maadili ya NMC kuliarifu baraza mapema awezavyo akipewa onyo rasmi au akishtakiwa. Hangoji kuulizwa.

Kwa wanaoondoka nyumbani, cheti cha polisi kinachojulikana kama cheti cha tabia njema ndicho karatasi ya kwanza kudaiwa. Aliyewahi kutozwa faini na mahakama ya Kenya au Tanzania na atafute nakala ya hukumu na stakabadhi ya malipo kabla hajapanda ndege. Kuzitafuta akiwa umbali wa bahari mbili, kwa kumtuma mjomba masjala ya mahakama ya wilaya, ni kazi inayochosha watu wote wanaohusika.

Neno moja kwa wasio raia wa Marekani, na hili tunaomba lisomwe kwa makini. Sheria ya uhamiaji ya huko inaweza kuhesabu kuwa ni hukumu hata pale mahakama iliposema haitoi hukumu, mradi mtu alikiri kosa na akawekewa adhabu au mpaka wowote juu ya uhuru wake. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Padilla dhidi ya Kentucky, iliamua kwamba wakili anayemtetea asiye raia katika kesi ya jinai ana wajibu wa kumweleza hatari ya kufukuzwa nchini kabla hajakiri. Kwa hiyo kijana anayeambiwa mahakamani "kiri tu, utalipa faini uende nyumbani" na amwambie wakili wake kwanza kwamba yeye si raia na kwamba anasomea uuguzi. Pia, kabla ya kupeleka maelezo yoyote kwa bodi, azungumze na wakili anayejua uhamiaji. Makala haya hayachukui nafasi yake.

Kitubio hakijazi fomu

Tunafika sasa kwenye fundisho. Mwamini anasema: Mungu amekwisha kunisamehe katika Sakramenti ya Kitubio, kwa nini basi niandike jambo ambalo mbele ya Mungu halipo tena? Swali hili lina imani ndani yake, na halistahili kuchekwa. Lakini linachanganya mambo mawili. Ondoleo la dhambi humbadilisha mtu mbele ya Mungu, halibadilishi historia. Siku ile polisi walikuja, hakimu aliandika, faini ililipwa, na fomu inauliza kama mambo hayo yalitokea. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inatufundisha kwamba ondoleo huondoa dhambi lakini haliponyi vurugu zote zilizosababishwa na dhambi hiyo. Aliyesamehewa bado ana kazi ya kurekebisha. Zakayo alipokelewa na Bwana nyumbani kwake, na siku hiyo hiyo akatangaza hadharani kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Hakusema kwamba kwa kuwa Yesu amekula mezani kwake, hesabu zimefungwa.

Kuandika "ndiyo" kwenye fomu, basi, si kuungama upya. Wapo waamini wenye dhamiri nyepesi ambao kila wanapoulizwa na serikali hukimbilia tena kiti cha maungamo na dhambi ile ile. Wasijitese, dhambi iliyosamehewa imesamehewa. Kinachoweza kuwa dhambi mpya ni kuandika "hapana". Na pale fomu inapotiwa sahihi kwa kiapo, jambo huvuka Amri ya Nane na kugusa Amri ya Pili, kwa kuwa anayeapa humwita Mungu awe shahidi wa maneno yake.

Lakini Kanisa halifundishi kwamba kila mtu anadaiwa kila ukweli. Jambo hili huenda litawashangaza baadhi ya wasomaji wetu, nalo ni la faraja. Namba 2488 na 2489 za Katekisimu zinaeleza kwamba haki ya kupashwa habari za ukweli haina ukomo usio na masharti. Upendo kwa jirani, heshima ya maisha binafsi na manufaa ya wote hutosha kuwa sababu ya kunyamaza, na hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Tofauti iko kati ya kunyamaza na kudanganya. Chapa ya kwanza ya Katekisimu ilipoeleza uongo ni nini, ilimtaja yule aliye na haki ya kuujua ukweli. Katika chapa rasmi ya Kilatini ya mwaka 1997 maneno hayo yaliondolewa, ili ibaki wazi kwamba kudanganya ni kudanganya, awe nani unayemdanganya. Asiye na haki ya kujua anaweza kunyimwa habari. Hawezi kupewa habari ya uongo.

Tukiweka kipimo hicho mbele yetu, mambo hujipanga. Bodi inayotoa leseni ina haki ya kujua, kwa kadiri ya swali lililoulizwa, kwa sababu inasimama kwa niaba ya yule bibi aliyelala. Mwajiri ana haki pale sheria inapomruhusu kuuliza. Chuo kina haki ya jibu la swali lake, na hospitali wanafunzi wanakofanyia mazoezi hali kadhalika. Mchumba ana haki ya aina nyingine, nzito zaidi, lakini hilo ni somo la siku ya mafundisho ya ndoa. Mwenzako wa kwaya hana haki hiyo. Wala shangazi anayepiga simu kutoka Nairobi kuuliza kwa nini leseni imechelewa, ingawa kwake adabu inahitajika zaidi. "Shangazi, kuna karatasi ninazoendelea kuzifuatilia, naomba uniombee" ni jibu kamili, la kweli na la heshima.

Wajibu wa jumuiya

Hatuwezi kumdai kijana ukweli tukaiacha jumuiya iendelee kusengenya. Katika majimbo mengi ya Marekani kumbukumbu za mahakama ni za wazi, na mara nyingi picha iliyopigwa kituo cha polisi hupatikana mtandaoni kwa mtu yeyote mwenye simu. Mmoja huiona, huituma kwenye kundi la WhatsApp la watu wa nyumbani, na kabla ya Misa ya Jumapili picha imefika kijijini. Mtumaji hujitetea kwamba hakusema uongo. Ni kweli hakusingizia. Amesengenya, na Katekisimu, namba 2477, inamhesabu kuwa na hatia yule anayefunua makosa ya mwenzake bila sababu ya haki kwa watu wasioyajua, hata makosa hayo yakiwa ya kweli. Sheria za Kanisa nazo, kanuni ya 220, zinakataza kuharibu isivyo halali sifa njema ya mtu. Tuseme wazi: hofu ya kundi la WhatsApp huwafanya vijana waogope karatasi ya bodi kuliko inavyostahili kuogopwa. Wanafikiri kwamba wakiandika, kila mtu atajua. Nani aliwafundisha kufikiri hivyo, kama si sisi?

Kanisa lenyewe limewapa wauguzi mlinzi ambaye rekodi yake haikuwa safi. Mtakatifu Kamilo wa Lellis, aliyezaliwa Italia mwaka 1550, alikuwa askari, mgomvi na mcheza kamari. Alifika hospitali ya Mtakatifu Yakobo huko Roma akiwa na kidonda cha mguu, akapewa kazi ya kuwahudumia wagonjwa, na akafukuzwa kwa sababu ya kamari na ugomvi. Baadaye alipoteza hata alivyokuwa navyo mwilini kwa mchezo huo. Aliongoka mwaka 1575, na kidonda kilipomrudisha Roma, aligonga mlango wa hospitali ile ile iliyokuwa ikimjua vizuri. Walimpokea, wakamwangalia, na hatimaye wakamkabidhi usimamizi wa nyumba hiyo. Kutoka hapo alianzisha shirika la watumishi wa wagonjwa, ambalo leo linahudumu pia Afrika Mashariki. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1746, na mwaka 1930 Papa Pius XI alimfanya msimamizi wa wauguzi. Tunapenda kukumbuka kwamba hakwenda kutafuta kazi katika hospitali nyingine ambako hakuna aliyemfahamu.

Barua ya maelezo na barua ya paroko

Anayeandika "ndiyo" huombwa barua ya maelezo, na hapa wengi huharibu kwa woga. Barua na iwe fupi. Iseme tarehe, mahali, kilichotokea, mahakama iliamua nini, adhabu ilikamilishwa lini, na nini kimebadilika tangu hapo. Isimlaumu polisi wala rafiki aliyekuwa naye garini. Isitumie neno "dogo", maana ukubwa wa kosa bodi itaupima yenyewe. Na ilingane na taarifa ya polisi, kwa sababu msomaji wa bodi atakuwa na taarifa hiyo mkono wa pili. Kama kuna sehemu ambayo mwombaji anaikumbuka tofauti, aseme hivyo kwa utulivu katika sentensi moja. Kama tatizo lilikuwa pombe, uthibitisho wa kuhudhuria ushauri au tiba una thamani kuliko kurasa tatu za majuto. Nakala zote za mahakama ziwe zile zilizogongwa mhuri.

Mara nyingi huhitajika pia barua za watu wanaomfahamu mwombaji, na paroko huwa wa kwanza kufikiriwa. Yampasa mwamini ajue kwamba padre hawezi kuandika neno lolote alilolisikia katika maungamo. Siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yoyote, kama isemavyo kanuni ya 983, na padre mwenye busara hataki hata ionekane kwamba barua yake imetoka huko. Kwa hiyo anayehitaji barua amwendee padre ofisini, si katika kiti cha maungamo, amsimulie jambo lake kama mtu anayesimulia kwa mara ya kwanza, na amruhusu waziwazi kulitaja. Tunashauri hivyo kwa sababu barua inayosema kwamba mwandishi analijua kosa la mwombaji na bado anamwamini ina uzito. Barua inayomsifu tu kuwa mtu wa sala, ikionyesha kwamba mwandishi hajui lolote, inaweza hata kumwacha msomaji na mashaka kwamba paroko naye alifichwa.

Padre naye aandike anayoyajua: tangu lini anamfahamu, anahudumu wapi parokiani, amemwona akikabidhiwa nini na akikirudisha vipi. Kama kijana amekuwa mtunza hazina wa VIWAWA kwa miaka miwili na hesabu zimesomwa kila mwaka bila pengo, hilo liandikwe, tena kwa miaka na tarehe. Paroko wa nyumbani anaweza kuandika pia kwa Kiswahili, mradi barua ifuatane na tafsiri iliyothibitishwa. Mwombaji amletee nakala za mahakama, jina kamili la bodi na tarehe ya mwisho ya kupokea barua, na amwachie muda; wiki moja haitoshi, hasa Kwaresima.